Mtoto wa Marehemu Amolo

Mashua ilikaa chini mno majini. Enos ndiye aliyeona kwanza. Aliinama kutazama ubavuni, akakuta maji yamefika kwenye ubao ambao hufikiwa tu siku wanapobeba magunia ya omena, dagaa wa ziwani. Na siku hiyo hawakubeba hata gunia moja.

"Bwana Ogola, leo tumepakia nini?"

"Tumepakia mdomo wako," akajibu Ogola. "Pandisha tanga."

Ogola ndiye aliyekuwa mwenye mashua, na alikuwa mbishi, ubishi wa mtu anayekana mvua huku shati linamchuruzika. Enos alikuwa mshika usukani wake. Katikati aliketi Seline, mke wa Ogola, amempakata binti yao ndani ya blanketi. Mtoto aliitwa Beldina, ndiyo kwanza alikuwa anaunganisha maneno, na homa ilikuwa imemkamata kule Usenge mpaka macho yakawa yanageuka. Ulikuwa mwaka ule ziwa lilipopanda likameza mashamba na njia. Barabara ya Bondo ilikuwa imekatika, hakuna basi wala lori, na hospitali ya maana ilikuwa Kisumu. Wasipofika upesi mtoto angekufa, na hilo halikuhitaji daktari kulisema.

Rasi ya Uyoma waliizunguka vizuri tu. Ilibaki kungoja upepo wa mchana, ule unaotoka ziwani na kusukuma kila chombo kuelekea Kisumu, hata chombo cha mjinga. Mchana ukafika, upepo haukuja. Tanga lao lilining'inia limelegea, na huku upande wa pili, karibu kabisa, mashua nyingine zilipita zimejaa upepo, watu wake wakiwapungia mikono na kuwacheka.

"Wale wanapata wapi upepo?" Seline akauliza.

Wingu jeusi likatokea juu yao, juu yao peke yao, na dhoruba ikawapiga hata wakakimbilia ufukwe mdogo uliozungukwa na mafunjo. Seline akashuka na mtoto akajibanza chini ya mwamba. Mguu wake ulipokanyaga mchanga, dhoruba ikakatika. Upepo mzuri wa kwenda Kisumu ukaanza kuvuma, mtulivu, wa kubembeleza.

"Panda upesi, Mama Beldina!" Ogola akapiga kelele.

Akapanda. Upepo ukafa, na wingu likarudi.

Hebu fikiria mama na mtoto anayeungua mikononi. Alishuka tena, upepo ukaja. Akapanda, ukafa. Ogola akamtukana Enos kwamba hajui kufunga kamba, akalitukana tanga, akamtukana hata fundi aliyelishona. Enos alikuwa anamtazama mtoto. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tafadhali, shuka wewe. Mtoto mwache nimshike mimi humu ndani."

Seline akashuka peke yake. Dhoruba haikukoma. Enos akamkabidhi Seline mtoto kule ufukweni, na hapo hapo mawimbi yakalala.

"Si mama," Enos akanong'ona. "Ni mtoto. Kuna kitu hakitaki mtoto afike."

"Nyamaza," Ogola akasema, lakini ubishi ulikuwa umemtoka usoni.

Wangefanya nini? Kwa miguu Kisumu ilikuwa mbali, na njia zote zilikuwa chini ya maji. Wakampandisha Beldina tena na kushika makasia ili wapige tu hivyo hivyo bila tanga, na hawakuwa wameuacha ufukwe walipoanza kusikia harufu, harufu ya tunda lililoozea ardhini, nzito, tamu ya kutapisha, ikipanda kutoka chini ya mbao walizokalia. Kisha kukagongwa. Taratibu, kwa kiganja, kama mtu aliyefika kwake akakuta mlango umefungwa.

"Ogola," sauti ikaita kutoka huko chini. "Ndugu yangu. Unampeleka wapi mtoto wangu?"

Kasia lilimponyoka Ogola likaenda na maji. Seline akaitambua sauti, na nywele zikamsimama. Ilikuwa sauti ya Amolo.

Amolo alikuwa kaka yake Ogola na mume wa kwanza wa Seline. Alizama mbali, upande wa visiwani, na mwili wake haukuonekana. Kwetu mwili usipoonekana huzikwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia mtini, linapewa kaburi na kuliliwa kama mtu. Lakini kwanza mtu wa damu yake anakwenda mpaka pale pale alipozama mwenzake, analiita jina lake juu ya maji, ili roho ije iingie kwenye tunda na kulala nyumbani. Baada ya hapo ndugu humrithi mjane, na watoto wanaozaliwa huhesabiwa kuwa wa marehemu. Ndiyo maana Beldina, ingawa Ogola ndiye aliyemzaa, mbele ya ukoo alikuwa mtoto wa Amolo.

"Ulimwita vizuri?" Seline akauliza. "Baba, siku ile ulikwenda visiwani ukamwita vizuri?"

Ogola akatazama maji.

"Ziwa lilikuwa limechafuka," akasema. "Tungengoja mpaka lini? Watu wamejaa nyumbani, ng'ombe amechinjwa, wazee wanauliza. Nikaingia mafunjoni, hapo hapo Usenge. Nikaita kutoka ukingoni."

"Nani akaitika?"

"Kitu kiliitika."

Enos akafanya ishara ya msalaba mara mbili, ya pili upesi kuliko ya kwanza. "Nyasaye, Mungu wangu," akasema. "Mmezika jini kwa jina la mtu. Mmempa kaburi, mmempa mke. Sasa anataka mtoto."

Kule chini kitu kikacheka kidogo, kicheko cha mgeni aliyekaribishwa chakula, na mashua ikazidi kuzama, ingawa maji hayakuingia popote.

"Nimengoja kwa heshima," sauti ikasema. "Jibu moja tu, Ogola, na upepo nitakupa. Mtoto huyu ni wa nani?"

"Ni wa Ogola!" Seline akapiga ukelele. "Wewe si Amolo! Amolo alikuwa na kigugumizi! Jina langu tu lilikuwa linamchukua nusu ya asubuhi, maskini, mpaka watu wanamcheka. Wewe unasema kama karani wa mahakama! Ogola, sikiliza jinsi kinavyosema!"

Na ilikuwa kweli, kila mtu Usenge alijua. Enos akamshika Ogola bega. "Mzee, sema mtoto ni wako. Neno moja tu, utamaliza hii mambo."

Lakini Ogola alikuwa anafikiria chira, ule ugonjwa wa kukonda mpaka kufa unaompata mtu aliyekiuka desturi, na zaidi unaowapata watoto wake. Mbele ya wazee aliapa pale kaburini kwamba hatamnyang'anya kaka yake jina. Akimkana sasa, chira itamla Beldina. Asipomkana, je? Alimtazama mtoto, midomo imekauka, kifua kinapanda na kushuka haraka haraka, na hofu ikamfanya ashike kile alichofundishwa tangu utotoni, kwamba marehemu hanyimwi chake.

"Labda wafu wanapona kigugumizi," akasema.

"Ogola!"

"Ni kaka yangu, Seline! Nilimkosea, nilimwita vibaya, ana haki ya kukasirika. Nikimheshimu atatuachia." Alikuwa analia sasa, mtu mzima yule, kamasi mpaka kidevuni. Akapiga magoti, akaweka mdomo karibu na mbao, na kabla Seline hajamfikia kumziba kinywa, akasema, "Ni wako, ndugu yangu. Mtoto ni wako."

"Asante," sauti ikasema.

Mgongo wa Beldina ukanyooka mikononi mwa mama yake, macho yakafunguka safi kabisa, akatazama chini kwenye mbao, akanyoosha mkono kama anayetaka kupokelewa, akasema "Baba" kwa furaha, furaha ambayo Ogola hakuwahi kuisikia ikielekezwa kwake, halafu joto lote likamtoka na Seline akabaki ameshika mtoto aliyekuwa akipoa upesi kuliko mtu yeyote anavyopoa, akamtikisa, akampulizia kinywani, akamwita kwa majina yote aliyowahi kumpa, na mtoto akawa hasikii.

Upepo ukaja, jini ni mtimiza ahadi. Tanga likajaa, mbingu ikawa buluu, jua la mchana likawaka juu ya maji, na mashua ikanyanyuka ikawa nyepesi. Ulikuwa upepo wa kufika Kisumu bila kugusa kasia. Enos, machozi yakimtoka, akageuza usukani kurudi Usenge, maana Kisumu hawakuwa na kazi nako tena. Upepo nao ukageuka, ukawafuata mgongoni, kwa adabu.

Ogola alisogea amguse mkewe. Seline akamtazama, naye Ogola akarudi kule alikokuwa. Seline hakulia. Aliketi ubavuni penye rasharasha, amemfunika Beldina uso, analowa bila kujali.

"Seline," sauti ikaita, pole pole, sauti ya mume anayejali. "Ondoka hapo kwenye baridi. Huyo aliye tumboni bado mchanga."

Seline akashika tumbo. Hakuwa amemwambia mtu, hata Ogola.

Ogola akaruka, akaanza kupiga mbao kwa ngumi mpaka mikono ikatoka damu. "Huyo ni wangu! Unasikia? Ni wangu mimi, Ogola! Si wako!"

"Ulishajibu, ndugu yangu," sauti ikasema, na upepo ukaendelea kuvuma vizuri.