Jiwe Linalojimega

Kitendawili! Wewe uliyeshika kitabu hiki, itika "tega," nami nitege. Nina mtu wangu: akijimega, anakula na mgeni wake anapendeza, akijibana, analala njaa na mgeni wake anaungua. Ni nani huyo? Huna? Usinipe mji bado. Twende kwanza kwa kina Vumbi, jibu liko huko.

Vumbi si jina ambalo binti huyu alipewa na mama yake. Ni jina la mtaani, maana nywele, kope na hata masikio yake yalijaa unga wa mbao kutwa nzima. Alikuwa fundi wa kukereza. Mashine yake, aliyoachiwa na marehemu baba yake, huzungusha kipande cha mti kwa kasi, naye hukichonga kwa patasi ndefu mpaka kiwe mguu wa meza au bakuli.

Asubuhi hiyo alikuwa akikereza miguu ya kitanda. Patasi yenye makali hutoa nyuzi ndefu za mti, laini kama utepe. Yake ilitoa unga na moshi. Mguu ukachanika, ukabaki na manyoya kama kuku aliyenyeshewa.

Akaenda kunoa. Grainda, ile mashine ya jiwe la kunolea, ikavuma, cheche zikaruka, ncha ya patasi ikageuka buluu. Akarudi kwenye mti. Kufumba na kufumbua, butu tena.

"Ni mkono wako huo!" sauti ilisema mlangoni. Alikuwa baba yake mdogo, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye karakana ng'ambo ya barabara. "Nilisema mimi. Mashine hii inataka kifua."

"Kifua ninacho, ba'mdogo. Makali ndiyo sina."

"Usisingizie makali! Jiwe hilo la grainda nimekuletea mimi. Jiwe gumu, la kijivu. Kwangu linasawazisha mageti mwaka mzima na haliishi." Akaichukua patasi, akaikagua ncha. "Na buluu hii ndiyo chuma kuiva."

Akamgeukia mama yake Vumbi, ambaye alikuwa akipiga msasa mguu mmoja ulioharibika.

"Shemeji, mwenye kitanda anakuja Jumamosi. Miguu isipokuwa tayari, nakuja na mkokoteni. Hebu sema: mashine hii tumpe nani? Tumpe mwanangu, au ioze hapa?"

Mama aligeuza ule mguu wa kitanda upande wa pili. Aliendelea kupiga msasa, kwaru, kwaru.

"Njoo na mkokoteni wako," Vumbi akasema. "Utarudi nao mtupu."

"Ulimi huo ungekuwa patasi, kitanda kingekwisha jana!"

Baba mdogo alipoondoka, Vumbi aliketi juu ya rundo la mbao. Alijifuta macho kwa kiwiko.

"Silii, mama. Ni moshi."

"Najua hulii. Moshi huo mpelekee Bi Cheche."

Bi Cheche alikuwa jirani yao. Alifundisha kunoa zana katika chuo cha ufundi. Alipoitwa, alikuja na miwani yake ya kinga juu ya kilemba. Hakuigusa patasi kwanza. Aliizima grainda, akangoja jiwe lisimame.

"Papasa hapa, mwanangu. Unasikiaje?"

"Linateleza kama sahani."

"Haya. Jiwe ni punje kali zilizoshikanishwa pamoja. Punje ikichoka, inatakiwa ianguke, mpya itokeze. Jiwe hili bahili! Limeng'ang'ania punje zake butu. Punje butu hazikati, zinasugua. Kusugua kunaleta moto, na moto unaua makali."

"Lakini ba'mdogo anasema buluu ni chuma kuiva."

"Kwenye geti na aseme. Geti linakata nini? Patasi za baba yako ni chuma cha kizamani. Ncha ikishageuka buluu, ugumu wake umekwisha. Unanoa maiti."

Vumbi alisimama. "Kwa hiyo mkono wangu..."

"Mkono wako hauna kesi. Chukua kanga twende dukani."

Dukani muuzaji alitoa jiwe la kijivu haraka haraka. "Beba hili, dada. La kudumu!"

"Sitaki la kudumu," Vumbi akasema. "Nataka linaloisha."

Muuzaji alimtazama kama mtu aliyeagiza ndoo yenye tundu. Kisha akashusha jiwe jeupe.

"Weupe ni dalili nzuri," Bi Cheche akanong'ona, "lakini rangi isikudanganye. Soma. Themanini hii ni ukubwa wa punje: si kubwa za kuparuza, si ndogo za kupandisha joto upesi. Herufi hii ni ugumu. Kadiri alfabeti inavyosonga mbele, ndivyo jiwe linavyozidi kuwa gumu. Sisi tunataka J au K. Na hapa pameandikwa kasi. Kasi ya jiwe isiwe chini ya kasi ya mashine yako, lisije likapasuka usoni. Kipenyo na tundu navyo viwe sawa na vya mashine."

Vumbi alilisoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Akaliangika jiwe kidoleni, akaligonga taratibu kwa mpini wa mti. Ngiii! Likalia kama kengele.

"Jiwe zima hilo, halina ufa," Bi Cheche akasema. "Likitoa sauti ya chungu chenye ufa, hata ukipewa bure likatae."

Nyumbani walilifunga bila kulikaza kupita kiasi. Waliwasha, wakasimama kando likizunguka tupu kwa muda, miwani machoni. Kisha Vumbi akanoa, polepole, mpaka buluu yote ikaliwa. Aliigusisha patasi tu, hakuikandamiza. Kila ilipoanza kupata joto, aliichovya majini.

"Hizi za baba yako zinakubali maji," Bi Cheche alimkumbusha. "Patasi za kisasa, za chuma kinachostahimili moto, usizichovye zikiwa za moto. Zitapata nyufa."

Jumamosi mkokoteni ulisikika ukigongagonga mawe. Baba mdogo aliingia, akakuta miguu minne ya kitanda imesimama ukutani, inang'aa. Aliipita kama hakuiona. Akaenda moja kwa moja kwenye grainda.

"Jiwe gani hili? Mbona limeshaanza kulika?"

"Linajimega," Vumbi akajibu, "ili patasi ikate."

Haya, msomaji, mji wako umepona, maana jibu umelisikia.

"Tuone hiyo patasi," baba mdogo akasema.

Vumbi akaweka kipande cha mti, akawasha mashine. Hakuna moshi, hakuna kelele. Utepe mrefu wa mti ulijikunja hewani, ukaangukia kiatu cha baba mdogo.

Baba mdogo aliutazama. Akakohoa. "Bahati hiyo. Mkokoteni nimeshauleta, sasa."

Mama akaweka msasa chini. Alilichukua lile jiwe la kijivu, akatoka nalo nje, akalitupa ndani ya mkokoteni. Puu! Kisha akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shemeji, uliniuliza mashine tumpe nani. Nilinyamaza kwa sababu mashine hii haikuwa inatafuta mtu. Mwenyewe yupo. Beba jiwe lako."