Soksi ya Sikio la Baharini

Kwenye mlango wa jiko letu kuna mstari wa rangi ya buluu. Aliuchora marehemu mume wangu. Chini yake aliandika: "Tarehe ishirini na tano, mwezi wa saba. Nyangumi wanafika." Alikuwa nahodha wa kivuko, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Kwa upande huo mimi nilimsaidia.

Watoto wengine hurithi shamba. Binti yetu alirithi usukani. Kila asubuhi hunywa chai akiwa amesimama, huutupia jicho ule mstari, huvaa koti, huyo anaondoka. Huwavusha watu kwenda ng'ambo: walimu, wauguzi, mafundi, na wachuuzi na kuku wao.

Kuna njia mbili za kwenda ng'ambo. Njia fupi inapita kwenye mkondo, katikati ya miamba miwili. Ni dakika ishirini. Njia ndefu inaizunguka miamba. Ni dakika arobaini na tano, na inakula mafuta mengi.

Nyangumi nao hupita kwenye mkondo uleule kila mwaka, mama na watoto wao. Kwa hiyo tarehe ishirini na tano ikifika, kivuko hushika njia ndefu kwa miezi miwili. Ndivyo alivyofanya mume wangu miaka yote. Hakumgonga nyangumi hata mmoja.

Sasa sikiliza. Mwaka huo, tarehe kumi na mbili, binti yangu alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Hiyo ni saa ya kuwa majini. Koti lilikuwa limelowa.

"Mama, nimeponea chupuchupu kumgonga nyangumi."

"Leo? Mbona bado siku kumi na tatu?"

"Ndiyo hapo! Ametokea mbele yangu kama nyumba inayoibuka majini. Nimekata kona, nimezima injini. Abiria wameanguka. Muuguzi mmoja ameteguka mkono."

"Na nyangumi?"

"Mzima. Amenirushia maji ya pua, akaenda zake na mtoto wake."

"Basi ana subira kuliko abiria wako."

Hakucheka. Hapo nikajua mambo ni mazito.

Mkuu wa bandari alikuwa amekwisha kumwita ofisini. Alimwambia hivi: "Mafuta ya njia ndefu yanatosha miezi miwili tu. Tulikuwa tunajua ni miezi ipi. Sasa hatujui. Nakupa mpaka tarehe ishirini na tano. Niletee ushahidi wa siku ambazo nyangumi wanapita. Ukishindwa, nafunga kivuko miezi minne mizima. Na kikifunguliwa, usukani atashika mwingine."

Miezi minne! Hospitali iko ng'ambo. Shule ya sekondari iko ng'ambo. Na binti yangu bila usukani ni kama mimi bila mdomo.

Tulikuwa na mpangaji kwenye chumba cha uani. Tulimwita Masikio. Alikuwa dada mwembamba, mfanyakazi wa kituo cha utafiti wa bahari. Wakati wote alivaa hedifoni kubwa, kama vikombe viwili vilivyomganda kichwani. Sisi tulidhani anasikiliza muziki.

"Masikio, mwanangu," nikamwita, "njoo huku jikoni. Umesikia yaliyotukuta?"

"Nimesikia, Bibi. Kuta zenu ni nyembamba. Nilikuwa nakuja." Akavua hedifoni. "Mimi kazi yangu ni kuwasikiliza nyangumi."

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ni fundi wa kuchomelea chuma. Aliacha kutafuna mkate. "Kwani nyangumi anasema nini?"

"Anaimba, shemeji. Tena anaimba kweli. Ukitumia macho, unamwona anapotoka kuvuta hewa tu. Tena iwe mchana, na bahari iwe shwari. Lakini sauti husafiri mbali sana ndani ya maji. Kasi yake ni zaidi ya mara nne ya kasi ya hewani. Kwa hiyo tunazamisha kinasa sauti. Kinakaa kule chini na kusikiliza usiku na mchana, mvua na jua. Hakisinzii."

"Na hakiombi chai," nikasema.

Binti yangu alikuwa anautazama mstari wa mlangoni. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo baba alikosea?"

"Hakukosea, dada," Masikio akajibu. "Enzi zake walifika siku hizo hasa. Bahari ndiyo imebadilika. Dunia inazidi kupata joto, na bahari inameza sehemu kubwa ya joto hilo. Viumbe vidogo ambavyo nyangumi hula vinahama. Pengine vinaongezeka mapema, pengine vinachelewa. Anayekula naye anabadilisha safari yake. Mengine bado tunayachunguza. Lakini sikio letu, yaani kinasa sauti cha bahari kuu, limerekodi miaka kumi na moja. Mwaka wa kwanza, wimbo wa kwanza tuliusikia tarehe ishirini na mbili. Mwaka jana, tarehe tisa. Hata wimbo wa mwisho siku hizi unawahi kwisha."

"Miaka kumi na moja! Na hukutuambia?" nikamuuliza.

"Bibi, siku ya kwanza mliniuliza kitu kimoja tu: kama nasikia mnavyokoroma."

Ilikuwa kweli. Nikamwongezea chai.

"Basi ushahidi upo," akasema mkwe. "Tumpelekee Mkuu."

"Atasema hiyo ni bahari kuu, mkondo wake ni mwingine," Masikio akajibu. "Na atakuwa na haki. Tuweke sikio palepale kwenye mkondo. Tukinasa wimbo kabla ya tarehe ishirini na tano, na ukifanana na habari za miaka kumi na moja, hatakuwa na la kusema."

Kesho yake akaleta kinasa sauti. Kilikuwa na umbo la chupa kubwa ya maji, na kichwa cheusi kama kidole gumba. Akaacha na kamba nene, akasema, "Kifungeni kwa kamba hii." Halafu akawahi kazini.

Sasa nikuambie habari za mkwe wangu. Yeye haamini kamba. Kwetu hata kata ya maji ina mnyororo. Kifuniko cha birika kina mnyororo. Mimi nikisinzia kitini, nikiamka nauangalia kwanza mguu wangu.

"Kamba ni ya kuanikia nguo," akasema. Akachomelea kizimba cha chuma, akakifunga kwa mnyororo wa kuning'iniza trekta. Yeye na mkewe wakakizamisha kwenye mkondo. Siku tano wakakiacha.

Siku ya kukitoa, tuliizunguka meza ya jikoni. Masikio akaunganisha kinasa sauti na kompyuta. Akavaa hedifoni. Akakunja uso. Akazivua taratibu.

"Shemeji, ulikifunga kwa kitu gani?"

"Mnyororo. Hata papa hawezi kuukata."

"Haya, sikiliza."

Akaiwasha spika. Kra-kra-kra! Ng'wang'wa! Kra-kra-kra!

"Kila wimbi likipita, mnyororo unajigonga," Masikio akasema. "Sikio letu limekaa siku tano ndani ya karakana. Hata nyangumi angeimba juu yake, tusingemsikia."

Mkwe ni mtu wa kuheshimiwa. Kwa hiyo nilicheka nikiwa nimeuelekea ukuta.

Lakini binti yangu alikuwa na machozi. "Siku tano, mume wangu! Zimebaki nane tu. Dada wa watu kakuachia kamba, wewe unajua kuliko yeye?"

Mkwe alisimama, akachukua msumeno wake wa umeme, akaenda uani. Tukasikia chuma kinalia. Akarudi na kizimba bila mnyororo.

"Masikio," akasema, "nifundishe fundo la kamba. Nifundishe kama mtoto wa darasa la kwanza."

Akafundishwa. Chini kabisa waliweka uzito: ndoo iliyojazwa saruji. Katikati kinasa sauti. Juu yake boya dogo la kuisimamisha kamba, lakini boya likae ndani ya maji, mawimbi yasilivute. Hakuna chuma kinachogusana na chuma. Safari hii Masikio alikwenda nao, akajaribu kusikiliza kwanza kabla ya kukiacha.

Walirudi nacho mkononi.

"Kuna nini tena?" nikauliza.

"Maji, Bibi. Pale mkondo una nguvu. Maji yanakisugua kichwa cha sikio, shwaaa. Kama upepo unapovuma kwenye simu. Kinahitaji kifuniko cha kitambaa. Kiko makao makuu, mbali na hapa, na gari la huko litakuja wiki ijayo."

Wiki ijayo! Binti yangu akaketi chini kwenye kizingiti, chini ya mstari wa baba yake.

Mimi mkononi nilikuwa na soksi. Nafuma soksi tangu ujana wangu. Nyekundu, maana ndiyo uzi uliokuwapo.

"Kichwa chenyewe kina ukubwa gani?" nikauliza.

Wote wakanigeukia.

"Bibi, unafikiria ninachofikiria?" Masikio akasema.

"Mimi sifikirii. Mimi nafuma."

Masikio akanionyesha kipimo kwa kidole. Akasema nisifume nene, sauti ipite. Tena kabla ya kuzamisha, soksi ilowe na kukamuliwa ndani ya maji, maana mapovu ya hewa huzuia sauti. Nikafuma mchana ule ule. Nimewavisha soksi wajukuu na wakwe. Sikuwahi kumvisha asiye na miguu.

"Mama," mkwe akasema, "mbona umeweka na ua?"

"Kule chini nani atalalamika?"

Sikio likazama na soksi yake nyekundu. Kivuko kikawa kinapita njia ndefu, polepole, kwa mafuta ya akiba, na sisi tukawa tunahesabu siku. Tarehe ishirini na tatu asubuhi wakalitoa sikio. Tukaizunguka meza tena. Hakuna aliyeongea, hata mimi, na hilo uliandike.

Masikio akavaa hedifoni. Akafumba macho. Dakika moja. Mbili. Halafu meno yake yote yakaonekana.

"Dada Nahodha," akasema, "kaa uwasikilize abiria wako."

Akaiwasha spika.

Kwanza ilikuja sauti kama mlango mzito unaofunguliwa taratibu. Kisha kama ng'ombe anayelia ndani ya pipa. Kisha filimbi nyembamba ikapanda, ikapanda, ikakatika. Halafu mlango tena. Ng'ombe tena. Filimbi tena.

"Huyu anarudia ubeti," mkwe akanong'ona.

"Ndivyo wanavyoimba. Hii ni tarehe ishirini. Na hii hapa, ishirini na moja. Sauti mbili."

Binti yangu alivuta kiti, akaketi. Akamimina chai, akanywa akiwa ameketi. Miaka sita tangu ashike usukani, sikuwa nimemwona akifanya hivyo. Macho yalimjaa maji, lakini sasa alikuwa anacheka.

"Anaimba vizuri kuliko marehemu," nikasema. "Lakini marehemu alikuwa na sura."

Masikio akatuonya jambo moja. "Wanaoimba hivi ni madume. Mama na mtoto huitana kwa sauti ndogo sana, na wengine hunyamaza kabisa. Kwa hiyo ukisikia wimbo, ujue wamefika. Usiposikia, usiseme hawapo. Endelea kutumia na macho."

Kesho yake tukaenda kwa Mkuu wa bandari. Mimi nilikwenda kama fundi wa soksi. Masikio akamwonyesha picha ya sauti kwenye kompyuta. Mkuu akavaa miwani.

"Haya ni makorokocho gani?"

"Sauti iliyochorwa, Mkuu. Huu mstari ulionyooka ni injini ya kivuko. Hii mistari inayopanda na kushuka ni nyangumi."

"Nitajuaje si injini ya mtu mwingine?"

"Injini haibadilishi wimbo, Mkuu. Sikiliza mwenyewe."

Akampa hedifoni. Mkuu akasikiliza. Simu ya mezani ikalia. Hakuipokea. Ikalia tena.

"Mkuu, simu," nikasema.

"Iache! Hebu rudisha hapo pa filimbi."

Walirudisha mara nne. Kisha akaziangalia tarehe za miaka kumi na moja, akaziweka kando ya tarehe zetu. Akavua miwani.

"Kivuko hakifungwi," akasema. "Mafuta ya njia ndefu nayatoa leo. Na kuanzia mwakani hatutafuata tarehe. Tutafuata sikio. Wimbo wa kwanza ukisikika, njia ndefu siku hiyohiyo. Nahodha, rudi kazini. Umechelewesha watu."

Binti yangu alitoka ofisini akikimbia.

Msimu ule hakugongwa nyangumi. Hakuanguka abiria. Mwaka uliofuata, kituo kilileta sikio lenye waya, unaotoka kwenye mkondo mpaka gatini. Mkwe ndiye aliyelifunga, kwa kamba, na mafundo yake sasa anawafundisha wengine. Spika imewekwa kwenye chumba cha kusubiria. Siku ya wimbo wa kwanza, abiria kumi waliachwa na kivuko kwa sababu ya kusikiliza. Mmoja ni yule muuguzi, mkono umepona, anapiga makofi. Mwingine ni Mkuu wa bandari.

Jioni hiyo binti yangu alisimama mbele ya mlango wa jiko. Nilidhani atafuta mstari wa baba yake. Hakuufuta. Juu yake alichora mwingine, akaandika: "Tarehe saba. Nyangumi wamefika."

"Mbona umetumia chaki?" mumewe akamuuliza. "Itafutika."

"Ndiyo," akasema. "Mwakani tutasikiliza upya."

Mimi nilikuwa nahesabu mishono. Sikio jipya ni kubwa kuliko la kwanza, na soksi ya mwaka jana inalibana.