Dakika Kumi na Mbili za Mama Mkubwa

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, taa ya jikoni ilikuwa inawaka nyumbani kwa Bi Shahanara, huko Tongi, kaskazini mwa jiji la Dhaka, Bangladesh. Mpwa wake, Tanzila, alikuwa amekwisha kuvaa viatu.

"Kaa ule," alisema Bi Shahanara.

"Mama Mkubwa, basi litaniacha."

"Litakuja jingine. Tumbo ulilonalo ni hilo moja."

Tanzila alikaa, akala chapati mbili za paratha na yai. Basi likamwacha.

Alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya sayansi za tiba mjini Dhaka. Chuo kilikuwa upande wa pili wa jiji. Mama yake, aliyeishi mji wa mbali wa Barishal, alimkataza kukaa bweni. "Dada yangu ana nyumba, wewe ukalale kwa wageni? Watu watasema tumegombana."

Asubuhi hiyo mvua ilinyesha na foleni haikusogea. Tanzila alifika maabara saa nne kasoro robo. Seli za ini alizokuwa anaziotesha zilipaswa kupimwa saa tatu kamili, saa ishirini na nne tangu zitiwe dawa. Kipimo kiliharibika. Ilikuwa mara ya pili.

"Ikitokea ya tatu, nafasi yako hapa maabara anapewa mwenzako," profesa alimwambia. "Wewe utasubiri mwaka mzima."

Motaleb, fundi wa maabara kwa miaka ishirini na sita, alikuwa akiosha vyombo vya kioo.

"Binti, unakaa wapi?"

"Tongi, kwa mama mkubwa."

"Tongi! Basi wewe unasoma barabarani, hapa unakuja kutembea tu."

"Nina chumba kikubwa, Mzee Motaleb. Na chakula kizuri."

"Sijauliza chumba. Nauliza saa." Alimpa karatasi yenye mistari ishirini na minne, mmoja kwa kila saa. "Andika kila unachofanya, siku saba. Usijidanganye. Mwili unataka usingizi wa saa saba. Seli zinataka uwepo kwa wakati wake, nazo hazijui foleni. Nyumba ya mwanafunzi wa kazi hii ni ile inayokuachia saa hizo."

Tanzila aliandika siku saba. Ijumaa, siku ya mapumziko, aliiweka karatasi mezani, chini yake ameandika wastani wa kila siku. Bi Shahanara, aliyewahi kuwa karani wa posta, alivaa miwani.

"Barabarani, saa tano kwa siku. Kulala, saa tano na nusu. Na hii? 'Kula na Mama Mkubwa, dakika kumi na mbili.'"

"Ndivyo ilivyo."

"Dakika kumi na mbili! Nami natamba kwa majirani kwamba naishi na mtoto."

Alivua miwani. Kisha alimpigia simu mdogo wake kule Barishal. "Nisikilize. Mtoto anahamia karibu na chuo. Watu wakisema tumegombana, waambie waje waniulize mimi."

Bweni la chuo lilikuwa limejaa. Jumamosi wakaenda kutazama vyumba. Cha kwanza kilikuwa kikubwa chenye roshani, lakini chini yake mashine ya kuchapa vitabu ilinguruma mchana kutwa. Cha pili kilikuwa kidogo, cha kushirikiana na mwanafunzi wa famasia, nyumbani kwa muuguzi mstaafu. Bi Shahanara alifungua bomba, maji yakatoka. Alijaribu komeo. Aliuliza geti linafungwa saa ngapi, na ufunguo anao nani. Kisha akatembea hadi chuoni, macho kwenye saa ya mkononi.

"Dakika kumi na moja. Na goti langu bovu hili."

"Lakini ni kidogo, Mama Mkubwa."

"Kwani unakwenda kufuga nyati?"

Tanzila alihamia Jumapili. Jumatano ya wiki iliyofuata aliamka akiwa amelala kwa muda wa saa saba, akatembea hadi maabara, akapima seli zake saa tatu kamili. Motaleb aliandika saa hiyo kwenye daftari la maabara na kutia sahihi.

Ijumaa Tanzila alikwenda Tongi. Bi Shahanara alikuwa amepika kichuri, wali uliochanganywa na dengu, na samaki wa hilsa. Walikula, wakanywa chai, wakamcheka muuguzi mstaafu, anayemwimbia paka wake. Vyombo vilipotolewa, Bi Shahanara alivaa miwani, akaichukua ile karatasi, akafuta ule mstari wa dakika kumi na mbili na kuandika juu yake:

"Kula na Mama Mkubwa: saa mbili na dakika tano."