Siku Alimasi Alipoachia Kamba

Jumamosi hiyo soko la Mulongwe, mjini Uvira, lilikuwa limejaa hadi barabarani. Claudette Nizigiyimana, msusi aliyetoka Luvungi, alisimama mbele ya meza ya vichanuo akiwa na gauni la njano, akijaribu meno ya kila kichanuo juu ya kiganja chake.

"Unatafuta ya nywele gani, dada?" sauti iliuliza nyuma yake. "Minye naona zako ziko nzuri tayari."

Aliyesema alikuwa Alimasi, kijana wa duka la vitenge la ng'ambo ya pili ya barabara, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi mikono.

"Iko ya imbwa."

Alimasi alicheka hadi akaishika meza. Claudette hakucheka. Alieleza kwamba mteja wake mmoja, mgeni anayekaribia kurudi kwao, ana mbwa aliyezaa. Mama ni mbwa wa aina ya labrado. Baba ni kanishi, wale mbwa wa nywele za kujikunja. Mtoto mmoja ameahidiwa Claudette, ila kwanza aonyeshe kwamba amejitayarisha.

"Asipochanwa kila siku, nywele zinashikana mpaka ngozi inamuuma. Anataka chanjo, pa kulala, na muntu wa kumutembeza. Si kumufunga tu kwenye muti."

"Na huyo muntu wa kumutembeza, umeshamupata?"

"Bado."

"Basi chukua kile cha meno mapana," alisema Alimasi, "na unipatie namba yako."

Ndivyo walivyoanza. Akifunga duka, Alimasi alipita saluni ya Claudette na mbao begani, na kibanda kidogo cha mbwa kikasimama uani. Claudette alimfundisha kuchana kwenye nywele za bandia: shika shina, anzia nchani. Alimasi aling'oa nusu yazo.

"Masikini mutoto wetu!" Claudette alicheka hadi machozi. "Atakuwa na upara!"

"Nisamehe, Mama Imbwa."

Na kila jioni kwenye simu Claudette alimaliza hivi: "Lala muzuri, sheri."

Neno hilo, "mpenzi" kwa Kifaransa, Alimasi alilibeba kifuani mchana kutwa. Lakini nyumbani hakumtaja Claudette wala mbwa. Ukoo wao ni Waislamu wa siku nyingi hapa Uvira, wafanyabiashara wa kuheshimika, naye aliogopa maneno ya watu juu ya msichana Mkristo na mbwa wake. Alijiambia atasema kesho, na kesho ikawa inasogea.

Mtoto wa mbwa akaja, wakamwita Pamba, rangi ya chai ya maziwa, akachomwa sindano zake kwa daktari wa mifugo. Jumapili moja, Claudette alipotoka misa, walimpeleka kando ya ziwa. Claudette alivaa tena gauni la njano kwa sababu Alimasi alikuwa amelisifu. Claudette alikwenda kununua mahindi ya kuchoma, na alipokuwa akirudi, wanaume wawili ambao Alimasi huswali nao Ijumaa walijitokeza.

"Alimasi! Weye na imbwa?"

Mkono wake uliachia kamba kabla hajafikiri.

"Si yangu," alisema. "Nilikuwa namusaidia tu huyu dada. Hata simujui."

Claudette alikuwa ameshafika, mahindi mkononi. Aliinama, akaokota kamba.

"Aksanti kwa kunisaidia, kaka," alisema, akaondoka. Pamba aligeuka na kugeuka tena kumtazama Alimasi.

Kaka. Jioni hiyo Alimasi aliinua mikono kuomba dua, akaishusha kabla hajaanza. Alimpigia Claudette simu, haikupokelewa. Claudette naye alilikunja gauni la njano na kulizika chini kabisa sandukuni, akiona haya kwamba alilivaa kwa ajili ya mtu kama yule. Alishika rozari akakusudia kutomtaja. Akamtaja.

"Kitenge hicho unakipima na kukipima tena. Una nini?" Raïssa, dada mkubwa wa Alimasi, alimwuliza dukani.

Alimasi alimweleza yote, macho chini.

"Imbwa alale inje, weye unawe vizuri mbele ya kuswali. Shida iko wapi?"

"Batu, Yaya," alimjibu dada yake.

"Batu wangesema siku moja, wakachoka. Lakini kumukana mwanamuke akiwa amesimama pale! Imbwa haikututia haya. Ni weye."

Jumatano, zamu yake ya kutembeza, Alimasi aliingia saluni. Wanawake walijaa.

"Kuna muntu anamujua huyu?" Claudette aliwauliza.

Shati jeupe lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho.

"Ni minye niliyesema simujui Claudette," alisema Alimasi. "Nilisema uongo. Niliona haya mbele ya batu, nikakosa haya mbele ya Mungu. Leo iko zamu yangu na Pamba. Ukinikubalia."

Claudette aliitoa kamba ya Pamba kwenye msumari.

"Tutapita mbele ya duka lenu," alisema.

Wazee walikuwa wameketi barazani pa duka, na wale wawili wa Jumapili kati yao. Pamba angeweza kungoja. Hakungoja. Alichuchumaa kujisaidia pale pale, mbele yao wote.

"Alimasi," mmoja akaita, "imbwa ya nani hiyo?"

Alimasi aliizungusha kamba mkononi.

"Yetu," alijibu. "Na huyu ni Claudette. Nataka kwenda Luvungi kumuomba kwa baba yake."

"Baba atakuuliza mengi," alisema Claudette nyuma yake.

Baraza likaangua kicheko. Alimasi alitoa sashe ya plastiki mfukoni, akapiga magoti vumbini na shati lake jeupe, akaanza kuzoa. Mkono uliozungushiwa kamba haukuachia.

"Umeacha kidogo pale," Claudette alimwonyesha kwa kidole. Halafu, kwa sauti ya chini: "Sheri."