Mwenye Kilemba Mwezini

Weusi wa kwanza Shatha aliufuta kwa pindo la buibui. Mwezi ulikuwa mchanga bado, na simu aliyoifunga kwenye darubini ilitoa picha safi, ila katikati ya ule wembamba mweupe palisimama kitu cheusi, kidogo, wima. Akafuta kioo cha darubini, akafuta na cha simu. Jioni ya pili kile kitu kilikuwa na mabega.

Alikuwa ameapa kuupiga mwezi picha kila magharibi mpaka utimie, hapo juu ya paa la nyumba yao ya Al Khuwair. Na Shatha akiapa haachi. Chuoni wanamjua, kwenye mdahalo hukung'ang'ania mpaka uombe maji.

Kadiri mwezi ulivyonenepa, yule wa pichani naye alinenepa. Paa likaanza kunuka udi uliomwagiwa maji. Sebuleni wakasikia makubadhi yakiburuzwa juu ya vichwa vyao, na nyumba nzima imekaa chini, hakuna aliyepungua.

Mama yake, Bi Rahila, alimkata jicho Stefania, mfanyakazi wao aliyevuka bahari kutoka Songea.

"Huyu ndiye katuletea jini," alinong'ona. "Ijumaa nnamrejesha kwao. Tiketi nshakata."

"Mama, mimi sijaleta kitu," Stefania alisema. "Watoto wangu wanasoma kwa kazi hii. Naomba, mama."

Shatha akawaka. Jini kaingia juzijuzi tu, na wa kulaumiwa tayari yuko jikoni anaosha vyombo! Akaingia sebuleni, walipokuwa mama yake, bibi yake Balqis na majirani waliokuja kunywa kahawa, akawawekea simu mbele ya tende.

"Tazameni. Leo kageuka ubavu. Kilemba hicho. Jambia hilo kiunoni, kisu cha mababu zetu. Haya, mama, jini wa Songea kavaa jambia? Wallahi huyu wetu! Wa ukoo wetu, na hamtamtwika mtu mwengine!"

Bibi Balqis aliinamisha kichwa.

"Muacheni msichana wa watu," alisema polepole. "Si wake."

Bi Rahila akaivunja safari palepale, uso umemsawijika. Stefania akaangua kilio cha shukrani.

Magharibi mwezi ulipotimia, Shatha alipanda juu peke yake, akauona ukichomoza mwekundu nyuma ya maghorofa, akapiga picha moja, akapiga nyingine, na zote zilikuwa safi, hapana kilemba, hapana jambia, hata ile harufu ya udi haikuwepo, basi akacheka kwa sauti akawaita wote waje waone, lakini Stefania, aliyetangulia, alipofika ngazi ya juu na kumtazama usoni aliushika ukuta akarudi kinyumenyume.

"Kaondoka, Bibi! Njoo uone, mwezi mtupu!"

Bibi Balqis alifika juu, hakuutazama mwezi.

"Usimtafute huko, mwanangu," alinong'ona. "Yule hungoja wa kwanza atakayesimama mbele ya watu aseme ni wetu. Ndiyo maana miaka yote tukanyamaza. Akishaitwa wetu, hakai nje tena."

Shatha alifungua mdomo apinge. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya mwanamume mtu mzima, na ilikubaliana na Bibi.