Wa Kwetu Mwisho

Majirani, mliosimama nasi kwenye matope na mliopita pembeni mkiinua suruali, nawasimulia wote.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imekatika. Dada mmoja fundi cherehani alikuwa akinywa chai na mama yake. Wenzake wa timu ya maafa ya kanisa walimbatiza Beleshi, kwa jinsi alivyochota tope bila kupumzika. Mama, ambaye miguu ilishamgomea, alikaa juu ya kitanda kilichopandishwa kwenye matofali, akipuliza kikombe.

"Chai tamu hii, mwanangu. Mtu anasahau kama anaishi kwenye dimbwi."

Wakacheka. Lakini kuta zilikuwa bado zinatoka jasho, na harufu ya ukungu ilikaba koo.

"Hiyo timu yenu, kwetu inakuja lini?"

"Wa kwetu mwisho, mama. Ndiyo kanuni."

Kanuni hiyo aliitunga mzee wa kanisa anayeongoza timu: mtumishi ahudumie wengine kwanza, nyumba yake ingoje. Maneno matamu! Ila mzee mwenyewe anakaa mlimani, ambako mafuriko hayajawahi kulowesha hata ndala yake. Msidhani nimesahau. Mafuriko yaliyopita, kwa kanuni hiyohiyo, mpishi wa kwaya alilala kwenye godoro bichi mpaka kifua kikamharibika. Na sisi tukampigia makofi.

Mama akakohoa, akajikunyata. Beleshi akamwonea huruma. Akaleta jiko la mkaa, akaliweka katikati ya chumba likaushe kuta. Dirisha akaliziba kwa nailoni ili baridi isiingie. Mlango akautia kufuli kwa nje, maana wezi nao walikuwa kazini tangu maji yapungue.

"Nikitaka mtu je?"

"Simu yako hiyo hapo kitandani. Mchana nitakuwa nimerudi. Lala upate joto."

Akavaa fulana ya timu, akaenda.

Walianza kwa seremala, ng'ambo ya soko. Walichota tope, wakatoa makochi yaliyovimba, huku mzee akipiga picha.

"Dada Beleshi, tabasamu kidogo! Mbinguni wanakuona."

Akatabasamu. Hapo mke wa seremala akatokea uani amebeba jiko linalowaka, anaelekea chumba cha watoto.

"We mama, unataka kuua?" Beleshi akamdaka mkono. "Mkaa ndani, madirisha yamefungwa? Sumu yake haina harufu! Mtu analala, haamki..."

Akauachia ule mkono.

"Dada, vipi? Mbona umebadilika hivyo?"

"Mama yangu."

"Ana nini?"

"Nimemfungia."

Alikimbia na beleshi mkononi. Nyuma mzee anaita, "Dada, hatujamaliza hapa!" Darajani tope likamvua buti moja, akaliacha. Akapiga simu ya mama. Ikaita, ikaita, ikakata. Labda amelala, akajiambia, na neno hilo likamzidishia mbio.

Mlangoni ufunguo ukakataa kuingia. Akavunja dirisha kwa beleshi, akachana nailoni, akarudi kwenye kufuli, likafunguka. Mama alikuwa ameanguka ubavu, povu shavuni. Akamburuta mpaka nje. "Mama! Mama, nijibu!" Majirani wakaja mbio. Wakampepea kwa kanga. Kisha mama akakohoa.

Hospitali ilimrudisha, lakini si mzima: sumu ilishamla kumbukumbu. Alipofumbua macho alimtazama mwanamke yule mwenye fulana ya kanisa, akamshika mkono kwa adabu.

"Asanteni nyie wa kanisa. Mimi nina binti, ila ana kazi nyingi. Msimlaumu."

Mpaka leo, kuna asubuhi anamwita Beleshi 'mwanangu', na kuna asubuhi anamkaribisha kama mgeni.

FUNZO

Jiko la mkaa lisiwekwe kwenye chumba kilichofungwa, hata kama kuta zinatiririka maji. Mtu asiyeweza kutembea asifungiwe kwa nje, hata kwa dakika chache.

Na nyie wa timu, sikieni vizuri. Kujitolea maana yake ujitoe wewe, si umtoe mama yako. Anzeni kwa mgonjwa na mzee, awe wa wengine au wa kwenu. Mimi sina ugomvi na kanisa. Nina ugomvi na sifa zinazopigwa picha wakati mtu anakata roho nyumbani. Anayetunga kanuni ya kungoja, naye ashuke aje angojee kwenye tope.