Habari Iliyomkuta Rozalia Chanjani

Asubuhi ya Kibirizi, ufukweni Kigoma, haina ukimya. Boti zinaingia, wachukuzi wanaomba njia, na wanawake wanamwaga dagaa kwenye chanja wakauke. Chanja za Zuhra wa Ujiji na Rozalia wa Rusimbi zilipakana. Miaka tisa walianika pamoja, wakanuniana na kupatana papo hapo.

"Mwakeye, Zuhra," Rozalia alimsalimu kwa Kiha siku ile. "Leo sina raha. Boti zote zimerudi, ya mume wangu bado."

"Elikana atakuja tu. Mashine ikigoma, watapiga makasia. Wewe keti. Mimba ya miezi saba si ya kukimbizana ufukweni."

Zuhra alikuwa na simu mpya, na tusifichane, simu ile ilimpa kichwa kidogo. Waanika dagaa walikuwa na kundi lao la simu, na yeye alipenda kuwa wa kwanza. Bei imepanda? Zuhra kasema. Mvua inakuja? Zuhra kasema. Wenzake walimwita Redio, naye akalipenda jina hilo.

Saa tatu simu ikalia. Ilikuwa picha ya boti iliyopinduka, na watu wanalia ufukweni. Chini yake pameandikwa: "Boti imezama ziwani leo alfajiri. Hakuna aliyepona. Watumie wenzako." Hakusoma mara ya pili. Alibonyeza, habari ikaenda kundini.

Alisahau kwamba Rozalia naye yumo kundini.

Aliposikia beseni likianguka, aligeuka. Rozalia alikuwa ameketi mchangani, simu mkono mmoja, mkono mwingine tumboni. "Zuhra," alisema polepole, "ni wewe uliyetuma." Kisha akalala ubavu. Wakamkimbiza hospitali kwa bajaji.

Haikupita saa moja, boti ya Elikana ikaingia, inasukumwa kwa makasia. Mashine ilikuwa imegoma, basi. Elikana aliambiwa mkewe yuko wapi, akaondoka mbio na nguo zake mbichi.

Rozalia alilazwa siku nne. Mimba ilinusurika, Mungu ni mwema. Lakini Zuhra alipompelekea uji, Rozalia aligeukia ukutani. Zuhra alirudi na uji wake, na aibu yake.

Jioni ile alikwenda kwa jirani yake, Bibi Veneranda. Bibi huyu alifanya kazi redioni miaka ishirini, akipokea matangazo ya vifo dirishani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia. Lete hiyo simu." Alivaa miwani, akaitazama ile picha kwa muda mrefu. "Mimi si mtu wa ziwani. Niambie wewe, hii boti ni ya wapi?"

Zuhra akatazama. Alitamani ardhi impasukie. "Ina tanga, bibi. Na haina taa hata moja. Wavuvi wetu wa dagaa huvua usiku, hawaendi ziwani bila taa."

"Hiyo 'leo alfajiri' ni leo ipi?"

"Hakuna tarehe."

"Aliyekutumia aliiona boti ikizama?"

"Naye alitumiwa."

Bibi akavua miwani. "Ukiletewa gunia la dagaa, unanunua kwa kutazama juu?"

"Hapana. Naingiza mkono mpaka chini. Watu huficha wabichi na mchanga huko."

"Basi na habari iingizie mkono. Kule redioni, mtu akileta tangazo la kifo, nilimuuliza: wewe ni nani wa marehemu? Amefia wapi? Lini? Barua ya serikali ya mtaa iko wapi? Wengine walininunia. Sasa kila mtu ana redio yake mkononi, na dirisha lile halipo. Dirisha ni wewe."

Zuhra akaipokea simu yake.

"Tena hata ingekuwa kweli," bibi aliendelea, "habari ya msiba kwetu hupelekwaje?"

Zuhra alijua. Watu wawili au watatu huenda kwa mfiwa, kwa miguu. Mfiwa huketishwa kwanza. Hapewi habari akiwa peke yake, amesimama. Machozi yakamtoka.

Aliandika kundini: "Habari ile ilikuwa ya uongo, na niliyeituma ni mimi. Nisameheni." Wanawake wakakubaliana kwamba habari isiyo na tarehe wala mwenyewe haitumwi. Na habari ya msiba haiwekwi kundini mpaka mfiwa ameambiwa nyumbani. Rozalia alisoma, akaiweka simu chini.

Alijifungua salama mtoto wa kike, akarudi chanjani. Salamu alitoa. Maongezi hakutoa.

Siku moja mwanamke wa kijiji cha Ilagala alimwandikia Zuhra: mama yake Rozalia amefariki. Kidole cha Zuhra kilikuwa tayari juu ya simu. Akakiondoa. Alimpigia Yona, kaka yake Rozalia, aliyeishi na mama huko Ilagala.

"Ni kweli," Yona alisema. "Nimemfumba macho mwenyewe. Nashindwa kumpigia dada."

"Usimpigie. Niachie mimi."

Alimwita Elikana, akampitia Bibi Veneranda, wakatembea mpaka Rusimbi. Rozalia alikuwa mlangoni anafagia, mtoto mgongoni. Aliwaona watu watatu wanakuja, akaacha kufagia.

"Keti kwanza, dada," Zuhra alimwambia, akampokea mtoto. Elikana akakaa karibu na mkewe, bibi upande wa pili. Ndipo Zuhra akamwambia.

Rozalia alilia sana, lakini alilia akiwa ameshikwa.

Baadaye, wanawake walipojaa uani, alimtazama Zuhra. "Simu ulikuwa nayo?"

"Ninayo hapa."

"Na umekuja kwa miguu."

"Nimekuja, dada."

Rozalia akamshika mkono, hakuuachia mpaka gari la kwenda Ilagala lilipofika.